Samaki Mwema, Karai Baya

Kila siku, kuanzia Feri ya Dar es Salaam hadi mialo ya Mwanza, makarai hutokota na samaki hukaangwa. Mnunuzi hulipa fedha yake akiamini kwamba amejipatia siha. Yafaa tumwulize: siha hiyo imesalia kiasi gani?

Samaki kama vibua na dagaa wana mafuta ya omega-3, yaufaayo moyo. Wakitumbukizwa katika mafuta mengi ya moto, yao huweza kupungua na ya karai yakawaingia. Tena mafuta yarudiwayo siku baada ya siku hata yakawa meusi huzaa vitu vya kudhuru mwili.

Mwaka 2003 wataalamu wa Marekani walitangaza habari za watu 3,910 wenye umri wa miaka 65 na zaidi. Waliozoea kula jodari au samaki wa kuokwa walikufa kwa maradhi ya moyo kwa uchache zaidi. Walaji wa samaki wa kukaanga hawakuonekana kupata faida hiyo. Huo si ushahidi wa mwisho, lakini ni onyo.

Dawa yake si ghali. Samaki achemshwe kwa ndimu na nyanya, na mchuzi unywewe, usimwagwe. Au aokwe juu ya makaa pasipo kuunguzwa. Dagaa waliwe na mifupa yao, yenye madini ya kujenga mifupa yetu. Mwenye kukaanga atumie mafuta machache, asiyarudie.

Wavuvi wetu hukesha majini. Tusikiteketeze jikoni walichokitaabikia usiku kucha.