Pikoboli kwa wanaoanza: Anzia karibu na wavu

Mtu anayeshika kibao cha pikoboli kwa mara ya kwanza hutaka mechi papo hapo. Mchezo wenyewe humshawishi: uwanja ni mdogo, mpira ni wa plastiki na hauendi kasi sana, na sheria za msingi zinaeleweka kwa dakika kumi. Lakini wanaoanza kwa mechi hugawanyika upesi. Kuna wanaopiga kila mpira kwa nguvu na kuwashinda wenzao wageni, na kuna wanaochoka kuokota mipira nyuma ya uwanja, wakaacha kuja. Mara nyingi wanaoacha ndio waliouhitaji mchezo huu zaidi, wazee na wengine waliokuwa wakitafuta mazoezi yasiyoumiza magoti kama mbio. Makala haya yanaeleza mazoezi yanayoweza kuwabakisha uwanjani.

Michezo na viwanja vya umma ni miongoni mwa majukumu ya serikali za kaunti chini ya Jedwali la Nne la Katiba ya 2010. Kwa upande wa afya, Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kila wiki, na waliotimiza miaka 65 waongeze mazoezi ya kuimarisha usawa wa mwili siku 3 kwa wiki. Saa moja ya pikoboli mara tatu kwa wiki inaweza kutimiza dakika hizo na zaidi, mradi mchezaji asiumie wiki ya kwanza.

Mchezo huu, ambao kwa Kiingereza huandikwa pickleball, ulianza mwaka wa 1965 katika kisiwa cha Bainbridge, jimbo la Washington nchini Marekani. Joel Pritchard na rafiki yake Bill Bell walitaka kucheza badminton na familia zao, wakakosa vifaa kamili. Wakachukua vibao vya tenisi ya meza na mpira wa plastiki wenye matundu, na baadaye wakateremsha wavu. Rafiki yao Barney McCallum akakata vibao vikubwa zaidi kwa plaiwudi.

Kwa hivyo anayekosa kibao cha dukani asikae kando. Fundi seremala anaweza kukukatia cha kujifunzia kwa plaiwudi. Urefu wake pamoja na mshikio usizidi sentimita 43, na ukijumlisha urefu na upana, jumla isizidi sentimita 61. Kingo zipigwe msasa na mshikio ufungwe kipande cha tyubu ya baiskeli ili usiteleze mkono ukitoka jasho. Mpira ni afadhali ununuliwe. Ule wa tenisi hudunda juu mno na humzoesha mtu mambo atakayolazimika kuyasahau.

Uwanja wa pikoboli una upana wa mita 6.1 na urefu wa mita 13.4, vipimo vilevile vya uwanja wa badminton wa wachezaji wanne. Shule au ukumbi wa jamii wenye mistari ya badminton umekaribia kuwa na uwanja. Kinachobaki ni kuteremsha wavu hadi sentimita 91 pembeni na 86 katikati, kisha kuchora kwa chaki mstari mmoja kila upande, mita 2.13 kutoka kwenye wavu. Eneo lililo kati ya mstari huo na wavu wachezaji huliita jikoni. Ukiwa jikoni huruhusiwi kuupiga mpira ulio hewani, ni lazima udunde kwanza. Hata ukiupiga ukiwa nje, kisha mwendo wa mwili ukakuvuta ndani, umekosea.

Sheria hiyo ya jikoni ndiyo inayomfanya mama wa miaka 60 aweze kumshinda kijana wa miaka 20. Mpira ukitua jikoni taratibu, mwenye nguvu hana la kufanya ila kuungoja udunde, ainame na kuuinua kutoka chini. Nguvu zake hazimsaidii. Ndiyo maana tunashauri anayeanza ajifunze kwanza mpigo mwepesi wa karibu na wavu, hata kama hauvutii kuutazama.

Kabla ya hapo, zoea kibao. Kishike kana kwamba unasalimiana nacho kwa mkono, bila kukibana. Dundisha mpira juu ya kibao mara 20 bila kuangusha, kisha geuza kibao kila baada ya mdundo ili pande zote mbili zifanye kazi. Zoezi hili unaweza kulifanya nyumbani ukisubiri chai ichemke. Anayeweza kufika 20 mara tatu mfululizo aende ukutani. Chora mstari ukutani, urefu wa sentimita 91 kutoka chini, usimame mita 2 hivi kutoka hapo, na upige mpira juu kidogo ya mstari, ukiuacha udunde mara moja kabla ya kuupiga tena. Ukuta haukasiriki na haukuharakishi, na kwa mtu asiye na mwenzake huu ndio mwalimu wa bei nafuu zaidi.

Sasa mazoezi ya jikoni yenyewe. Wawili wanasimama wakitazamana, kila mmoja nyuma tu ya mstari wake wa jikoni. Mmoja anapiga mpira polepole upite juu ya wavu na kudunda jikoni mwa mwenzake, naye anaurudisha vivyo hivyo. Hakuna anayetafuta pointi. Mnahesabu pamoja kwa sauti, na lengo ni kufika 20. Mpira ukianguka, mnaanza upya. Mkono hausogei sana hapa: kibao kinakaa mbele ya mwili, magoti yamekunjwa kidogo, na mpira unainuliwa kutoka begani kana kwamba unamrushia mtoto chungwa. Anayepinda kifundo cha mkono hupeleka mpira juu, na mpira wa juu karibu na wavu ni zawadi kwa mpinzani. (Wachezaji wa tenisi watusamehe, lakini kwa maoni yetu ndio watakaopata taabu zaidi hapa, kwa kuwa wamezoea kuvuta mkono nyuma sana.)

Mkishafika 20 mkitazamana moja kwa moja, pigeni kwa mshazari, kutoka kona hadi kona. Mshazari una nafasi ndefu zaidi na wavu ni mfupi katikati, kwa hivyo makosa hupungua. Tengeni dakika 10 kwa zoezi hili kila mnapokutana, hata mkiwa wazoefu.

Mpigo wa kuanzisha hauhitaji muda mwingi. Hupigwa kutoka chini kwenda juu, chini ya kiuno, ukiwa nyuma ya mstari wa mwisho, kuelekea upande wa mshazari. Mpira uvuke jikoni na mstari wake. Anayeshindwa kuupiga hewani anaruhusiwa kuuachia uanguke wenyewe, udunde, kisha aupige. Tandika leso karibu na mstari wa mwisho upande wa pili, upige mipira 10 na uhesabu ni mingapi imetua ndani ya uwanja. Ikiwa ni chini ya 7, punguza nguvu. Pointi hupatikana na upande unaoanzisha peke yake, na mchezo huishia 11 kwa tofauti ya pointi 2, kwa hivyo kila mpira wa kuanzisha unaopotea ni nafasi ya kufunga iliyotupwa.

Kuna sheria nyingine inayowachanganya wageni. Baada ya mpira kuanzishwa, anayeupokea lazima auache udunde, na waliouanzisha nao lazima waache mpira wa kwanza unaowarudia udunde. Baada ya hapo ndipo mtu anaweza kupiga hewani, akiwa nje ya jikoni. Ili iingie mwilini, chezeni mipigo mitatu tu: kuanzisha, kurudisha mbali, na mpira wa tatu kudondoshwa jikoni kutoka nyuma. Aliyerudisha anasogea mara moja hadi mstari wa jikoni. Aliyeupiga wa tatu anasogea pia, lakini anasimama imara kwa miguu miwili kila mpinzani anapokaribia kupiga. Mpira wa tatu ni mgumu, na haishangazi ukigonga wavu mara nyingi mwanzoni. Ujaribuni kwanza kutoka katikati ya uwanja, kisha mrudi nyuma hatua moja moja.

Mkiona mko tayari kwa ushindani na mko wawili tu, gawanyeni uwanja kwa urefu na mchezee nusu moja hadi 11. Nusu hiyo inawalazimisha kutumia ufundi mliojifunza jikoni, na mbio hupungua.

Kuhusu usalama, jambo moja tunalisisitiza kwa wachezaji wenye umri mkubwa: usikimbie kinyumenyume kuufuata mpira uliopita juu ya kichwa chako. Anayejikwaa kinyumenyume huangukia mkono au kisogo. Geuka ubavu, ukimbie ukitazama unakokwenda, au uuache upite, kwani ni pointi moja tu. Zoezeni kugeuka huko bila mpira kwa dakika mbili kabla ya kuanza, pamoja na kutembea haraka na kuzungusha mabega. Mpira kutoka uwanja wa jirani ukiingia kwenu, pigeni kelele "Mpira!" na kila mtu asimame, maana kuukanyaga ni kama kukanyaga ganda la ndizi. Viatu viwe vya soli bapa vinavyoshika mguu, si malapa. Sakafu ya saruji ifagiliwe vumbi. Miwani ya kukinga macho inafaa, hasa mkiwa wanne karibu na wavu. Mwenye shinikizo la damu, maumivu ya kifua au aliyefanyiwa upasuaji karibuni apite kwanza katika kituo cha afya.

Kundi linalotaka kutumia ukumbi wa jamii au uwanja wa umma limwone msimamizi wa wadi au afisa wa michezo wa kaunti ndogo na kuomba saa maalumu. Pale uwanja ni mmoja, tunapendekeza saa ya kwanza iwe ya wanaoanza pekee, bila mechi, ili wasiwe wakiondolewa na wazoefu wanaosubiri zamu. Watu wanane wanatosha uwanja mmoja kwa mazoezi: wanne jikoni, wawili ukutani, wawili wakipumzika na kuokota mipira, na mnabadilishana kila baada ya dakika 10. Mje na chaki, futi ya kupimia, mipira minne au zaidi na maji ya kunywa.