Lambo Limewekwa Namba Ngapi?

Kila mwaka, kabla ya mwaka mpya wa fedha kuanza Julai mosi, wakuu wa mikoa na waganga wakuu hukaa na halmashauri zao kuamua ni lipi litangulie katika kazi ya afya. Mkoani Shinyanga, kama kwingineko, linalosikika zaidi ni majengo: zahanati, vituo vya afya, wodi, nyumba za waganga. Hatuna ugomvi na majengo. Tangu Serikali ilipoweka, mwaka 2007, shabaha ya zahanati katika kila kijiji na kituo cha afya katika kila kata, wako akina mama wanaojifungua karibu na nyumbani, ambao zamani wangalisafirishwa kwa mkokoteni wa ng'ombe. Anayelibeza jambo hilo hajapata kumuuguza mama mwenye uchungu usiku wa masika.

Hata hivyo twauliza: katika orodha hiyo ya mkoa, lambo limewekwa namba ngapi?

Mtu akifika Songwa, wilayani Kishapu, jirani na machimbo ya almasi ya Mwadui, ataelewa upesi kwa nini twauliza. Hii ni nchi ya mvua za msimu mmoja na kiangazi kirefu. Palipo na maji ya bwawa, ndipo ng'ombe wanywapo, ndipo nguo zifuliwapo, ndipo watoto waogeleapo wakitoka machungani. Malambo ya Usukuma yalichimbwa kwa wingi baada ya Vita Kuu ya Pili, nayo yameokoa mifugo na watu. Pamoja na maji, yamewapa makao konokono wa kichocho.

Ugonjwa huu hauna siri. Mgonjwa akikojoa majini, mayai ya minyoo huanguliwa. Vijidudu huingia ndani ya konokono, huongezeka humo kwa maelfu, kisha hutoka, hasa jua likiwa kali, na kupenya ngozi ya yeyote aliyekanyaga maji. Kiangazi hakisaidii kama wengi wadhanivyo, kwa kuwa konokono hujificha katika tope kavu, mvua ikarudi nao wakarudi. Wapo wazazi ambao hata leo huona mkojo wa damu wa mvulana kuwa ni jambo la kukua tu. Ukiachwa miaka mingi, kichocho huharibu kibofu na figo, huweza kuleta saratani ya kibofu, na kwa wanawake huacha vidonda katika njia ya uzazi.

Dawa ipo, nayo ni prazikuanteli. Shuleni mtoto husimamishwa penye kijiti cha kupimia urefu, akahesabiwa vidonge vyake, na ni vema awe amekula kwanza. Kazi hiyo ni njema na isikatizwe hata mwaka mmoja. Lakini dawa huua minyoo iliyokomaa. Haimkingi mtoto anayerudi bwawani jioni ile ile. Zahanati iliyojengwa vizuri kando ya lambo chafu itawatibu watoto wale wale mwaka hadi mwaka, na fedha za mkoa zitakwenda kwa mzunguko huo huo wa konokono.

Chama hakihitaji kufundishwa jambo hili na wageni. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio na kusoma pamoja. Kichocho kilikuwa miongoni mwa maradhi waliyojifunza. Walipomaliza kusikiliza walishika majembe, na vyoo vikachimbwa nchini kwa mamia ya maelfu. Haikuwa kazi ya madaktari peke yao. Ilikuwa kazi ya watu na viongozi wao wa vijijini.

Serikali nayo imeonyesha njia kwa maji ya Ziwa Victoria yanayovutwa kutoka Ihelele hadi Kahama na Shinyanga, mradi uliozinduliwa mwaka 2009. Twaona kila kilomita ya bomba inayoongezwa kuelekea kijiji kisicho na maji ihesabiwe kuwa ni kazi ya afya, na mganga mkuu awe na sauti katika kuchagua kijiji kitakachotangulia.

Wenzetu wa Geita, iliyofanywa mkoa mwaka 2012, wana lambo lao la namna nyingine: vumbi la mawe na moshi wa zebaki inayochomwa karibu na majiko. Pafu lililokwisha kuharibiwa na vumbi halina dawa ya kulirudisha. Huko pia ugonjwa hupatikana penye riziki, mbali na mlango wa hospitali.

Kwa hiyo, Ndugu wa Halmashauri, kabla ya kupitisha bajeti ijayo, itakeni orodha ya malambo ya kila kata, ionyeshe lipi lina choo karibu, lipi lina mahali pa kufulia pasipolazimu kukanyaga maji, na lipi lina birika la mifugo kando. Nanyi mabalozi wa mashina hamna haja ya kungoja bajeti. Waambieni wananchi leo kwamba maji ya kuoga yaliyotekwa yakawekwa siku 2 bila konokono hayana tena nguvu ya kuambukiza kichocho, ingawa ya kunywa bado yachemshwe.