Orkestra ya sinema? Muulize mama mdogo!

Januari 2020 John Williams, mtunzi wa muziki wa Star Wars, aliongoza orkestra nzima kule Vienna. Mimi nikaja kuiona kwenye simu, nimekaa kibarazani Kariakoo, roho inaniuma. Nikasema, wenzetu wanafaidi bwana, sisi Bongo lini?

Mama mdogo akacheka mpaka kanga ikamvuka. "We mwanangu, sisi tumeyacheza hayo hujazaliwa!"

Kumbe kweli. Wapiga taarab wa pwani walizihusudu filamu za Misri, wakakusanya fidla, kanuni, udi na akodiani kama walivyoona sinema. Hapa Dar kulikuwa na Egyptian Musical Club; jina lenyewe si linajieleza? Mombasa nako, marehemu Juma Bhalo alichukua mahadhi ya filamu za Kihindi akayatilia mashairi ya Kiswahili. Mtu anatoka sinema na wimbo kichwani, anaukuta harusini unapigwa laivu. Hapo hakaliki, anainuka kutunza!

Sasa noma iko hapa: harusi nyingi siku hizi kinanda kimoja kinafanya kazi ya fidla zote. Tusipokwenda kuwasikiliza wapigaji, nani atajifunza fidla?

Kundi la Ikhwani Safaa lipo Unguja tangu 1905, na boti ni saa mbili tu. Nauli nimeshaanza kudunduliza. Mama mdogo naye yumo, noti za kutunza keshazikunja.

Wewe je, bado unasubiri Vienna?