Vyombo vya Kupunguza Mafuta ya Injini: Je, Vyafaa Kununuliwa?

Mkulima wa kando ya Mto Tana, hapa Garissa, hawezi kuitegemea mvua. Migomba yake, miembe yake na matikiti yake hunywa maji ya mto, na maji hayo hayapandi ukingo yenyewe. Huvutwa na pampu yenye injini. Kwa sababu hiyo mafuta ndiyo gharama isiyompa usingizi. Hali ya mwenye lori la kupeleka mizigo Wajir na Mandera ni hiyo hiyo. Tangu Desemba 2010 Serikali ya Kenya hutangaza kila mwezi bei ya mwisho ya petroli na dizeli katika kila mji, na sisi tulio mbali na bandari ya Mombasa twajua vizuri jinsi bei hiyo inavyoongezeka kwa gharama ya safari.

Basi, penye kiu hakosekani muuza maji. Wako watu wanaozunguka na vyombo vidogo wakisema kwamba vyapunguza mafuta kwa robo au hata thuluthi. Wengine huuza sumaku za kufunga juu ya mpira wa mafuta. Wengine visahani vya kuizungusha hewa iingiayo katika injini. Wengine vidonge vya kutia katika tangi. Wengine vidude vyenye taa vya kuchomeka chini ya usukani wa motokaa. Na wengine chupa za maji zinazosemekana kutoa hidrojeni ya kusaidia moto. Je, maneno yao ni ya kweli?

Mzee mmoja mwenye shamba la ndizi alinijia siku moja akiwa na karatasi ya Kiingereza mkononi. "Mwanangu," akaniambia, "wewe umesoma. Nisomee haya, uniambie kama ni kweli." Alikuwa amefungiwa sumaku katika pampu yake, naye amelipa nusu ya bei. Nusu iliyobaki ilikuwa fedha aliyoiweka kwa mbegu za msimu. Naye alishuhudia kwa macho yake kwamba tangu siku ile mafuta yamepungua. Nikamjibu, "Mzee, karatasi hii imeandikwa na mwenye kuuza. Afadhali tuiulize pampu yenyewe."

Kabla ya kueleza pampu ilijibu nini, yafaa tufahamu jinsi injini itumiavyo mafuta. Ukitia mafuta ya shilingi 100 katika injini ndogo, yapata thuluthi moja tu, au pungufu, ndiyo inayogeuka kuwa kazi. Sehemu kubwa hupotea kama joto, katika moshi utokao na katika vyuma vyenyewe, na nyingine huliwa na msuguano. Lakini mafuta yanayotoka bila kuungua, katika injini nzima isiyo na ugonjwa, ni machache sana. Ni ya shilingi chache tu katika hizo 100. Sasa, wauzaji karibu wote hudai ya kuwa chombo chao huyafanya mafuta yaungue vizuri zaidi. Hata kama dai hilo lingekuwa kweli tupu, kilichobaki cha kuokolewa ni shilingi chache tu. Hizo 30 wanazoahidi zitatoka wapi?

Habari ya hidrojeni ni vivyo hivyo. Maji hayawaki mpaka yatenganishwe kwa umeme. Umeme huo hutoka katika dinamo. Dinamo huzungushwa na injini. Na injini hula mafuta. Nguvu inayotumika kuyatenganisha maji haiwezi kuwa pungufu ya ile inayopatikana hidrojeni ikiungua, na njiani nyingine hupotea. Ni kama mtu achotaye maji mtoni kwa ndoo iliyotoboka, kisha akayamwaga mtoni tena akitumaini mto ujae.

Mambo haya si mageni ulimwenguni. Katika miaka ya 1930 Charles Nelson Pogue wa Kanada alidai kwamba kabureta yake yaweza kuipeleka motokaa zaidi ya maili 200 kwa galani moja. Hata leo kabureta hiyo haijathibitishwa. Huko Marekani, Stanley Meyer alisema kwamba amepata njia ya kuendesha motokaa kwa maji. Mwaka 1996 mahakama ya Ohio iliamua kwamba huo ulikuwa udanganyifu, akaamriwa kuwarudishia fedha zao watu wawili waliomwamini. Tena idara ya Serikali ya Marekani ihusikayo na hifadhi ya mazingira, EPA, imechunguza vyombo zaidi ya 100 vya namna hii, wala haikuona hata kimoja kinachopunguza petroli kwa kiasi kikubwa.

Sasa turudi shambani. Tulijaza tangi la pampu mpaka alama, tukaiendesha saa moja kamili kwa mwendo ule ule, kisha tukapima kwa chupa mafuta yaliyohitajika kulirudisha tangi kwenye alama. Tulifanya hivyo mara tatu sumaku ikiwapo, na mara tatu ikiwa imeondolewa. Hesabu zilikuwa sawa. Tofauti ndogo zilizotokea zilikwenda huku na huku, mara kwa faida ya sumaku, mara kwa hasara yake.

Mzee alishangaa, maana hakuwa mwongo. Nikamwuliza muuzaji alifanya nini siku ile alipokuja. Akakumbuka: kijana wake alisafisha chujio la hewa lililojaa vumbi, akakaza kiungo cha bomba kilichokuwa kikivuta hewa. Hapo siri ikafunuka. Mafuta yalipungua kweli, lakini kwa kazi ya kitambaa na spana, wala si kwa sumaku.

Basi, mwenye injini afanye nini? Kwanza, asafishe chujio la hewa mara kwa mara, kwa maana vumbi la nchi yetu halina huruma. Injini ikitoa moshi mweusi, amwite fundi atazame chujio na nozeli. Mwenye pampu aiweke karibu na maji kadiri awezavyo, bomba la kuvutia liwe fupi, lisiwe na kona nyingi wala tundu. Mwenye motokaa apime upepo wa mipira ikiwa baridi, ashushe mizigo isiyo na kazi, wala asikimbie. Kupita kilomita 80 kwa saa, nguvu nyingi huliwa na upepo tu. Na mkulima mwenye akiba afikiri juu ya pampu ya jua. Ununuzi wake ni mzito, lakini jua halina bei ya kila mwezi. Hapa hapa Garissa kiwanda cha umeme wa jua cha megawati 50 kilifunguliwa mwaka 2019.

Zaidi ya yote, aandike. Sisi makarani twajua ya kuwa kila gari la Serikali lina hati ya kuandikia mwendo na mafuta, na hati hiyo ndiyo itambuayo ugonjwa wa gari kabla ya fundi. Mali bila daftari huisha bila habari. Mtu akikuletea chombo, mwambie akuachie wiki mbili bila malipo. Pima kabla, pima baadaye, kisha kiondoe upime tena.

Yule mzee aliirudisha sumaku. Nusu aliyokwisha lipa hakuipata tena, lakini ile iliyobaki ilinunua mbegu, na chenji yake ikatosha daftari la kurasa 96. Hajui kuandika, mjukuu wake humwandikia kila jioni.