Kigali kwa wawili bila kugusa mtaji

Kwa mke na mume wanaofanya biashara ya kuvuka mpaka, safari ya Kigali mara nyingi huishia stendi ya Nyabugogo, soko la Kimironko na chumba cha kulala wageni. Mzigo ukishafungwa, tiketi ya kurudi inakatwa. Miaka inapita, na mji wanaujua kwa bei za bidhaa tu.

Hofu yao ni moja: matembezi yatakula mtaji. Hofu hiyo ina msingi. Fedha ya mzigo na ya matumizi zikikaa mkoba mmoja, hakuna anayejua ipi imepungua. Dawa ni kuzitenganisha kabla ya kuondoka nyumbani. Mmoja hushika fedha ya mzigo na haiguswi. Mwingine hushika ya nauli, chakula na matembezi. Ya matembezi ikiisha, matembezi yameisha.

Kwa wanaotoka Tanzania, la kwanza la kuona liko mpakani Rusumo. Karibu na daraja, Mto Kagera unaporomoka kwenye miamba, na kuutazama hakulipiwi. Anayetaka picha aombe kwanza ruhusa kwa askari. Hapo magari hubadili upande, kwa kuwa Rwanda huendesha kulia, na saa hurudishwa nyuma kwa saa moja. Mifuko ya plastiki iachwe nyumbani. Rwanda iliipiga marufuku mwaka 2008.

Mjini, Makumbusho ya Mauaji ya Kimbari yaliyoko Gisozi hayana kiingilio. Wamezikwa hapo zaidi ya watu 250,000 waliouawa mwaka 1994. Si mahali pa kupita mbiombio. Wengi hutoka kimya, na ni afadhali kutoka ukiwa na mwenzako.

Kwenye usafiri, wawili wapige hesabu. Pikipiki hubeba abiria mmoja tu, hivyo mke na mume hukodi mbili. Basi la mjini ni nafuu zaidi, na nauli yake hulipwa kwa kadi. Mchana, migahawa mingi huuza melanji: mteja hujipakulia wali, ndizi, maharage na mboga kwa bei moja, lakini sahani hujazwa mara moja tu.

Kalenda nayo ina thamani ya fedha. Asubuhi ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni Umuganda, kazi ya pamoja ya wananchi, na maduka mengi hufungwa. Aliyepanga kununua mzigo asubuhi hiyo atalipia chumba bure. Jumapili mbili za mwezi baadhi ya barabara hufungwa kwa magari asubuhi, watu wakakimbia na kutembea. Wageni hujiunga bila malipo.

Hesabu ikifanywa nyumbani, fedha ya mzigo itakuwa kamili. Na watoto wakiuliza Kigali ikoje, jibu halitakuwa bei ya vitenge pekee.