Je, Wajua? Ladha za Asia Ndani ya Kokteli

• Maua ya anchan ya Thailand, mmea wa jamii ya kunde, hutia kinywaji rangi ya buluu. Ukikamulia ndimu, buluu hugeuka zambarau papo hapo, kwa sababu rangi ya maua hayo, anthosianini, hubadilika inapokutana na asidi.

• Majani ya pandan, yanayopendwa sana Malaysia na Indonesia, yana kiini kilekile cha harufu kinachoufanya mchele wa basmati unukie. Mmea huo ni wa ukoo mmoja na mkadi wa pwani ya Afrika Mashariki, ila kwenye mkadi kinachosifiwa kwa kunukia ni ua.

• Umeshu ya Japani huitwa mvinyo, lakini haichachushwi. Matunda mabichi ya ume, yaliyo karibu na aprikoti, hulowekwa na sukari katika pombe kali kwa miezi kadhaa.

• Kokteli ya Singapore Sling inahusishwa na Hoteli ya Raffles ya Singapore. Hoteli hiyo husema mhudumu wa baa Ngiam Tong Boon aliibuni mwaka 1915. Humo mna jin, maji ya nanasi, ndimu na pombe tamu ya cheri.