Kwa Nini Brazil ya 1982 Bado Inapendwa

Tarehe 5 Julai 1982, kwenye uwanja wa Sarrià mjini Barcelona, Brazil ilihitaji sare tu iingie nusu fainali ya Kombe la Dunia. Falcão aliposawazisha dakika ya 68, ikawa 2-2, wengi wangepaki basi. Vijana wa kocha Telê Santana waliendelea kushambulia. Dakika ya 74 Paolo Rossi akafunga bao lake la tatu, Brazil ikatolewa, na Italia ikaenda kutwaa kombe. Miaka 12 baadaye Brazil ilibeba kombe kwa mikwaju ya penalti baada ya sare tasa, tena dhidi ya Italia, lakini kikosi hicho ni nadra kutajwa kwa mapenzi wanayopewa Zico, Sócrates na wenzao waliofungwa. Kama ushindi ungekuwa kipimo pekee, mapenzi hayo yangetoka wapi?

Yanatoka kwenye mpira wenyewe. Katika Kombe hilo la 1982, dhidi ya Umoja wa Kisovieti, Falcão aliachia pasi ipite katikati ya miguu yake; Éder, aliyekuwa nyuma yake, akaunyanyua mpira kidogo na kuupiga kabla haujagusa chini, ukajaa wavuni. Timu 24 zilicheza Hispania, na 23 zilirudi bila kombe. Shabiki anayehesabu makombe tu amejinyima karibu kila kitu kilichochezwa kule.

Kuna wanaosema uzuri ni kisingizio cha waliofungwa, kwa kuwa matokeo hayadanganyi. Hayadanganyi, ila husema machache. Italia hiyohiyo ilitoka sare mechi zake zote tatu za kwanza, sawa na Kamerun, ikafuzu kwa sababu tu ilifunga mabao mawili na Kamerun moja. Ni kweli kwamba mchezaji na kocha lazima wautafute ushindi. Chenga zisizolenga goli ni maonyesho tu, na mashambulizi ya Brazil yalikuwa mazuri kwa sababu yalisaka mabao, 15 katika mechi tano. Wajibu huo, hata hivyo, si wa aliye jukwaani. Yeye yuko huru kukiri kwamba Gentile, beki wa Italia, alimkaba Zico hadi akamchania jezi, na papo hapo akaisifu krosi ya Cabrini wa Italia, wepesi wa Rossi kuinasa pasi mbovu ya Cerezo wa Brazil, na mikono ya kipa wa Italia, Zoff, mwenye miaka 40, iliyouzuia mpira wa kichwa wa Oscar wa Brazil kwenye mstari. Asiyetaka ila ushindi ataviona hivyo vyote kama wizi au bahati, kutegemea jezi aliyovaa.

Kwa hiyo shabiki wa Simba ya Tanzania anayedai pira biriani, yaani soka tamu la kuvutia, hata baada ya ushindi wa bao moja la kubahatisha asiitwe mkosa shukrani. Pointi tatu zimekwenda kwa klabu. Yeye alilipa kiingilio atazame mpira, na huo ndio anaoudai.